Mwisho wa Juma Kumasi: Soko la Kejetia na Mechi ya Asante Kotoko

Ijumaa

Kazi iliyonileta Ghana ilikwisha jana jioni, na kabla ya kurejea nyumbani nimejitengea mwisho wa juma huu kwa ajili ya Kumasi, mji mkuu wa Waasante, ulio kiasi cha kilomita 250 kaskazini-magharibi mwa Accra. Ninakwenda kuona soko la Kejetia na mechi ya ligi ya Asante Kotoko, klabu ya mpira ya mji huo. Kwa mtu aliyekulia Dar es Salaam, soko na mpira haviko mbali. Simba na Yanga zote zina makao yao Kariakoo, mwendo mfupi kwa miguu kutoka sokoni, na ndiyo maana mechi yao inaitwa dabi ya Kariakoo hata inapochezwa kwenye uwanja ulio upande mwingine wa jiji. Kotoko ilianzishwa mwaka 1935, mwaka ule ule wa Yanga. Kwa muda mrefu nimetamani kujua kama huko nako klabu inaishi kwa watu wa sokoni, au kama hayo ni mambo yetu sisi tu.

Kabla ya kupanda basi nilipita kwenye uwanja wa michezo wa Accra, kwa sababu sikuona kuwa ni haki kwenda kushangilia Kumasi bila kusimama hapo kwanza. Nje ya uwanja kuna sanamu ya shabiki aliyembeba shabiki mwenzake. Tarehe 9 Mei 2001 Hearts of Oak, klabu ya Accra, walikuwa wakiongoza kwa mabao mawili kwa moja dhidi ya Kotoko, dakika za mwisho zikiyoyoma, mashabiki wa Kotoko wakaanza kung'oa viti na kuvirusha uwanjani. Polisi walijibu kwa kufyatua mabomu ya machozi kwenye majukwaa yaliyojaa watu, umati ukakimbilia milango, na baadhi ya milango ilikuwa imefungwa. Walikufa watu 126. Wengi wao walikuwa vijana, na si wachache waliokuwa wamesafiri kutoka Kumasi kwa barabara hii hii niliyokuwa naelekea kuishika. Mlinzi wa pale aliniacha nisimame nilivyotaka, bila kuniuliza lolote.

Basi liliondoka karibu na mzunguko wa Kwame Nkrumah saa nne asubuhi. Nsawam wachuuzi walilikimbilia na mikate mirefu vichwani, Bunso tulisimama kula, na Nkawkaw milima ya Kwahu ilisimama upande wa kulia kama ukuta. Karibu na mwisho wa safari tulipita Ejisu, mji wa Yaa Asantewaa, malkia mama aliyewaongoza Waasante vitani dhidi ya Waingereza mwaka 1900. Kijana niliyekaa naye alinionyesha kwa kidole akiwa ameshatoa kichwa chote dirishani.

Mwenyeji wangu, fundi wa magari katika mtaa wa karakana wa Suame Magazine, alinipokea kituoni jioni. Tulikula fufu kwa mchuzi mwepesi wa mbuzi, na kabla hata hatujanawa mikono alikuwa ameanza kuniuliza habari za ligi ya Tanzania. Anaifahamu vizuri kuliko nilivyotarajia. Aliwataja Waghana waliokuja kucheza kwetu, James Kotei na Bernard Morrison, akamtaja Augustine Okrah aliyechezea Simba na baadaye Yanga, akamtaja kipa Razak Abalora aliyeondoka Azam na kurudi nyumbani kuidakia Kotoko. Zamani, alisema, kijana wa Kumasi aliyetaka fedha za mpira alizitazama Ulaya na nchi za Kiarabu tu. Siku hizi Dar es Salaam nayo imo katika mazungumzo. Sikuficha furaha yangu.

Jumamosi

Tulifika Kejetia kabla jua halijapanda, na bado tulikuwa tumechelewa, kwa maana malori ya viazi vikuu yalikuwa yameshashusha mizigo usiku. Kuna mambo mawili ya kuona kwa pamoja hapa. La kwanza ni jengo jipya la ghorofa, sehemu ya kwanza ya mradi wa kulijenga upya soko, lililoanza kutumika mwaka 2019, lenye maelfu ya vibanda, vizimba na milango ya chuma ya kushusha. La pili ni eneo la soko lenyewe la kale, Central Market, ambalo kabla ya kubomolewa kwa ajili ya sehemu ya pili ya mradi lilikuwa limeenea pembeni yake chini ya mabati yenye kutu, likiwa limezimeza hata reli za treni zilizokuwa zikipita katikati. Reli ya kutoka Sekondi pwani ilifika Kumasi mwaka 1903, na kwa miaka mingi soko lilikuwa likiishi kwa ratiba ya treni. Treni zilikoma kupita, na juu ya mataruma yake wakakaa akina mama na beseni za pilipili.

Moto umekuwa adui wa soko hili kwa muda mrefu. Hata jengo jipya liliungua sehemu, Machi 2023. Nilipomweleza mwenyeji wangu jinsi soko letu la Kariakoo lilivyoteketea Julai 2021, hakushangaa. Aliuliza tu kama wafanyabiashara walirudishiwa nafasi zao. Hilo ndilo swali la mtu wa sokoni. Jengo linaweza kujengwa upya kwa mkopo wa serikali, lakini nafasi ya mtu, yaani kona ambayo wateja wake wamezoea kumkuta kwa miaka ishirini, haijengwi na mkandarasi. Pia niliona jambo ninalolifahamu sana kutoka nyumbani: mamia ya wachuuzi wamepanga bidhaa chini, nje ya jengo, kwa sababu mnunuzi mwenye haraka hapandi ngazi kufuata nyanya.

Jambo lililonishika zaidi ni utaratibu uliomo ndani ya msongamano ule. Kila bidhaa kubwa ina mama mkuu wake, ohemmaa, malkia wa wauzaji wa bidhaa hiyo. Yupo malkia wa viazi vikuu, yupo wa nyanya, na wengine kwa wengine. Tulipelekwa kwa mmoja wao, wa upande wa viazi vikuu, mama mtu mzima aliyekaa kwenye kiti kifupi cha mbao huku vijana wakipanga viazi kwa hesabu ya mamia. Mwenyeji wangu alisalimia kwanza, akaeleza kwa Kitwi mimi ni nani na nimetoka wapi, ndipo nami nikanyoosha mkono wa kulia. Hakuna aliyeanza maswali kabla ya salamu kukamilika. Mtu wa pwani yetu hahitaji kufundishwa heshima hiyo, lakini inapendeza kuikuta ikiwa hai mbali na nyumbani.

Mama alinieleza kazi yake bila majivuno. Malori yanapofika kutoka Techiman na Ejura, au kutoka kaskazini zaidi, yeye na wazee wenzake ndio wanaosimamia jinsi mzigo unavyogawanywa ili asiwepo mwenye mtaji mkubwa wa kuuchukua wote. Wauzaji wawili wakigombania mteja au deni, shauri linaletwa kwake kabla ya kwenda polisi. Mwenzao akifiwa, upande mzima unachanga na kuwatuma wawakilishi msibani. Nilimwuliza kama vijana wanaoingia sokoni sasa bado wanamsikiliza. Alicheka kidogo, akasema anayekataa kusikiliza hukumbuka njia siku anapofiwa.

Kando yake dada mmoja alikuwa akipima kunde kwa kopo kubwa wanaloliita olonka. Alilichota, akalijaza, kisha akazungushia viganja vyote viwili mdomoni mwa kopo na kuendelea kumimina, ili kunde zipande juu ya viganja vyake na kufanya kilima kirefu kuliko kopo lenyewe lingeweza kubeba. Mnunuzi, mwanamke mwenye mtoto mgongoni, alikuwa hatazami kilima. Alikuwa akitazama vidole, kwa sababu kiganja kikibana sana kilima kinakuwa kirefu na chembamba. Kopo lilipomiminwa kwenye mfuko, alinyoosha mkono bila kusema neno, na muuzaji akaongeza konzi moja ya nyongeza. Mnunuzi hakuondoa mkono. Ikaongezwa konzi ya pili, ndipo fedha zikatoka. Yote hayo yalifanyika kwa muda usiozidi dakika moja, na wote wawili wakaagana kwa bashasha.

Wachukuzi wa soko hili ni wasichana kutoka mikoa ya kaskazini, wanaoitwa kayayei, wenye masufuria makubwa ya bati vichwani. Wengine ni wadogo mno kwa mizigo wanayoibeba. Tulimwona mmoja aliyekuwa na umri wa kuwa darasani akibeba magunia mawili ya vitunguu kuelekea kituo cha basi, mwenye mali akimtangulia kwa hatua za haraka bila kugeuka nyuma. Siwezi kulisifu soko hili, nami nalisifu kwa moyo wote, bila kusema kwamba sehemu ya unafuu wa bei zake inabebwa na shingo za watoto hao.

Upande wa vitenge nilikaa muda mrefu, kwa kuwa nguo za hapa zina majina na wauzaji wanazijua kwa majina hayo, sawa na mama zetu wanavyozijua kanga. Siku ya Jumamosi, hata hivyo, rangi zinazotembea mjini ni nyeusi na nyekundu, kwa sababu ndiyo siku ya mazishi na maombolezo kwa Waasante, na mitaa yote ilikuwa na watu waliojifunga vitambaa vya rangi hizo begani wakielekea misibani. Kesho, mwenyeji wangu aliniambia, nyekundu itakayotembea itakuwa ya Kotoko.

Mchana tuliketi kwa muuza nyanya wa jumla, dada wa mke wa mwenyeji wangu, na hapo ndipo nilipopata jibu la swali lililonileta. Chini ya meza yake kulikuwa na daftari la shule lenye jalada lililofunikwa kwa nailoni. Ndani yake kuna majina ya wanawake wa sokoni na michango yao ya kila juma kwa ajili ya kikundi chao cha mashabiki. Mashabiki wa Kotoko wamejipanga katika vikundi vyenye namba, ambavyo wenyewe huviita Circle, vikiwa na mwenyekiti, katibu na mweka hazina, na juu ya vyote kuna baraza la taifa. Kwa Mtanzania, hayo ni matawi. Tofauti niliyoiona ni kwamba daftari la kikundi hiki lilikuwa na sura ile ile ya daftari la kuchangiana misiba, na mtunzaji wake ni mtu yule yule. Mama wa nyanya alisema hawajaunda kitu kipya. Waliutumia utaratibu wa soko kwa ajili ya mpira.

Mama mmoja mwenye umri mkubwa aliyekuwa akichambua nyanya zilizopondeka aliingilia kati alipousikia mwaka 1983 ukitajwa katika mazungumzo yetu. Mwaka ule, alisema, soko hili lilikuwa tupu. Mvua zilikuwa zimekatika, moto wa nyika uliteketeza mashamba, na mwanzoni mwa mwaka Waghana kiasi cha milioni moja walikuwa wamefukuzwa Nigeria wakarudi nyumbani kwenye njaa. Watu walikonda hadi mifupa ya mabega ikatokeza shingoni, wakaiita mkufu wa Rawlings, kwa jina la mtawala wa wakati huo. Na mwezi wa Desemba mwaka huo huo, baada ya sare ya bila kufungana Cairo, Kotoko waliwafunga Al Ahly bao moja kwa bila hapa Kumasi, bao la Opoku Nti, wakatwaa Klabu Bingwa Afrika kwa mara ya pili. Bibi huyo alikwenda uwanjani akiwa hajala tangu jana yake. Nilimwuliza kwa nini asingeitunza fedha ya tiketi anunue chakula. Alinijibu kwamba hapakuwa na chakula cha kununua.

Jumapili

Asubuhi ni ya makanisa. Barabara zilikuwa tulivu, na mwenyeji wangu alikwenda ibadani na familia yake akiwa amevaa shati jeupe, lakini fulana nyekundu ilikuwa imeshakunjwa na kuwekwa kwenye kiti cha nyuma cha gari. Mimi nilikwenda mtaa wa Zongo, karibu na Msikiti Mkuu, nikapata tuo zaafi, ugali laini wa watu wa kaskazini, kwa mchuzi wa majani mahali ambapo salamu yangu ya Kiislamu ilifungua mazungumzo haraka kuliko Kiingereza. Watu wa Zongo, ambao asili yao ni kaskazini na nchi za Sahel, wana fahari ya pekee kwa uwanja tunaokwenda leo, kwa kuwa umepewa jina la Baba Yara, winga aliyekuwa nyota wa Kotoko na wa timu ya taifa. Aliumia vibaya mgongo katika ajali ya basi la timu mwaka 1963, akapooza, akafariki mwaka 1969 akiwa bado kijana. Mzee aliyeniuzia chai alilitaja jina hilo kwa namna mtu anavyomtaja jamaa yake.

Uwanja ulifunguliwa mwaka 1959 na kufanyiwa ukarabati mkubwa kwa ajili ya Kombe la Mataifa ya Afrika la 2008. Unachukua watu wapatao 40,000. Mechi ilipangwa kuanza saa tisa alasiri dhidi ya Aduana, timu ya Dormaa Ahenkro karibu na mpaka wa Ivory Coast, mji mdogo uliowahi kutwaa ubingwa wa Ghana mwaka 2010 katika msimu wake wa kwanza wa ligi kuu, na tena mwaka 2017. Si wapinzani wa kudharauliwa. Tuliwasili saa saba na nusu, na kuanzia barabara kuu hadi lango la uwanja soko lilikuwa limehamia hapa: maji ya pakiti, mayai ya kuchemsha yanayopasuliwa na kujazwa pilipili, ndizi za kuchoma na karanga, mishkaki inayonyunyiziwa unga wa karanga wenye viungo. Niliwatambua kwa sura wachuuzi wawili niliowaona jana Kejetia. Mmoja alikuwa ameacha vitunguu na kuja na vitambaa vyekundu vya kufunga kichwani.

Tulikaa jukwaa la mashabiki wa kawaida, katikati ya kikundi cha akina mama wa soko, kwa kuwa mama wa nyanya alikuwa ametuwekea nafasi kwa kutandaza kitenge. Majukwaa hayakujaa. Nilihesabu kwa macho pengo kubwa upande wa mashariki, na mwenyeji wangu hakutafuta kisingizio. Televisheni zinaonyesha ligi ya Uingereza saa hizo hizo. Ligi ya hapa ilisimama mwaka 2018 baada ya mwandishi wa uchunguzi Anas Aremeyaw Anas kuonyesha kwa kamera za siri waamuzi na viongozi wa soka wakipokea fedha, na imani ya watu ikivunjika hairudi kwa kutangaza ratiba. Tanzania tumekuwa na bahati kwamba fedha za haki za televisheni na ushindani wa watani wa jadi vimerudisha watu viwanjani, lakini ni bahati inayohitaji kulindwa. Pamoja na hayo, watu waliokuwapo walinitosha. Waliacha nyumba zao siku ya mapumziko, wakalipa kiingilio kutoka mapato ya juma zima la kuuza nyanya.

Nyimbo zilianza nusu saa kabla ya timu kutoka. Wanaziita jama: ngoma mbili, kengele ya chuma, tarumbeta iliyokosa sauti moja, na watu wazima wakiitikia huku wakipunga leso nyeupe. Nembo ya klabu ni nungunungu, mnyama wa Waasante, na usemi wake ni ule wa vita vya zamani, kwamba ukiua elfu, elfu wengine watakuja. Ulipoimbwa na jukwaa zima, wanaume waliokuwa wakibishana kuhusu kikosi waliacha ubishi na kusimama.

Kipindi cha kwanza kilikuwa kizito. Aduana walijipanga nyuma kwa mistari miwili iliyokaribiana, wakawaachia Kotoko mpira mbali na hatari, na kila krosi iliishia kichwani mwa beki wao wa kati. Winga wa kushoto wa Kotoko alikuwa na kasi lakini alikuwa akisubiri mpira ufike mguuni badala ya kuufuata, jambo ambalo mama wa nyanya aliliona kabla yangu na kulisema kwa sauti iliyofika hadi benchi la ufundi. Akina mama hawa wanaujua mpira. Mmoja wao alikuwa akieleza kwa vidole juu ya goti lake jinsi kiungo mkabaji alivyoacha nafasi nyuma yake kila alipopanda, na dakika mbili baadaye Aduana walipita hapo hapo, shuti likapaa juu kidogo ya mwamba. Jukwaa lilimgeukia kama kwamba yeye ndiye aliyeliita.

Wakati wa mapumziko, mzee mmoja aliyekaa safu ya mbele yetu, aliposikia kwamba natoka Tanzania, aligeuka na kuniambia jina moja tu: Young Africans. Mwaka 1969, katika robo fainali ya Klabu Bingwa Afrika, Yanga na Kotoko walitoka sare nyumbani na ugenini, na kwa kuwa wakati huo hapakuwa na mikwaju ya penalti, mshindi aliamuliwa kwa kura. Kura ikawaangukia Kotoko. Msimu uliofuata wakatwaa ubingwa wa Afrika, wakishinda mkondo wa pili wa fainali Kinshasa dhidi ya TP Englebert, timu ambayo leo ni TP Mazembe. Mzee alikuwa kijana wa shule, akiisikiliza redio ya jirani. Aliniambia kwamba hata leo anaamini Yanga ile ilikuwa timu ngumu kuliko nyingi walizokutana nazo, na kwamba kuondolewa kwa kura ni kitu kisichostahili kumpata mwanamichezo yeyote. Nimezisikia habari za mechi hizo tangu utotoni kutoka kwa wazee wa Yanga wa Jangwani, lakini sikuwahi kumsikia mtu wa upande wa pili akizieleza kwa huzuni ile ile.

Bao lilipatikana kipindi cha pili, kwa kona. Winga yule wa kushoto aliupiga mpira kwa ndani, kipa wa Aduana akatoka nusu njia na kusita, na beki wa kati wa Kotoko akapanda juu ya wote na kuusukuma kwa kichwa kwenye kona ya mbali. Sikumbuki vizuri sekunde zilizofuata, kwa sababu nilikuwa nimekumbatiwa na watu wawili nisiowajua na leso ya mtu ilikuwa imenifunika uso. Sinia la mayai la mchuuzi lilipinduka. Watu watatu waliinama kuokota yaliyobaki mazima, na wengine wakachanga sarafu kufidia yaliyopondeka, bila mtu kuwaamuru. Kitenge tulichokalia kilipatikana baadaye safu tatu chini.

Dakika za mwisho Aduana walishambulia kwa watu wote. Walidai penalti kwa mpira uliogonga mkono, mwamuzi akakataa, na kwa nilivyoona mimi nikiwa upande wa pili wa uwanja mkono ulikuwa umebana mwilini, kwa hiyo alikuwa sahihi. Kipa wa Kotoko aliokoa shuti moja la karibu kwa mguu. Katika dakika hizo macho yangu yalikuwa yakitoka uwanjani na kwenda kwenye milango. Ilikuwa wazi yote, kuanzia kabla ya dakika ya 80, na kila mmoja ulikuwa na askari na wasaidizi wenye vizibao waliosimama pembeni, si katikati ya njia. Mwenyeji wangu aliona ninapotazama. Alisema katika kikundi chao kuna wanaume wawili waliopoteza ndugu Accra mwaka 2001, na wao ndio huja mapema kila mechi kuhakikisha milango ya jukwaa lao haina kufuli. Filimbi ya mwisho ilipulizwa, moja kwa bila, na tulitoka kwa hatua za kawaida tukiimba.

Jumatatu

Saa moja asubuhi nilikuwa tena Kejetia, kwa kuwa basi langu lilikuwa la saa sita mchana na zawadi zilikuwa bado hazijanunuliwa. Redio zote sokoni zilikuwa zikiichambua mechi kwa Kitwi. Nilinunua sabuni nyeusi na siagi ya shea kwa ajili ya nyumbani, kisha nikaenda upande wa mitumba kutafuta jezi ya mpwa wangu. Marobota yalikuwa yamefunguliwa asubuhi hiyo. Jezi za klabu za Ulaya zenye majina ya wachezaji waliostaafu zamani zilikuwa zimerundikwa chini kwa bei ya chini kabisa, na za Kotoko, nyingine zikiwa zimeshonwa hapa hapa Kumasi, zilikuwa zimetundikwa juu kwa vibanio na bei yake haikupungua hata nilipogeuka kuondoka. Muuzaji aliniambia kwamba bei ingeshuka kama Kotoko wangefungwa jana. Nilirudi nikalipa.

Niliaga kwa mama wa nyanya. Mwishoni mwa juma hili Kotoko wanacheza ugenini, na daftari lilikuwa wazi juu ya meza kwa ajili ya orodha ya basi la kukodi. Nafasi zilizolipiwa kikamilifu zilikuwa na alama ya wino mwekundu, na zilizolipiwa nusu zilikuwa na jina la mdhamini pembeni, kwa kawaida jirani wa meza. Mjane mmoja wa upande wa samaki wakavu hakuwa na nauli. Wenzake wanne walikuwa wameshamgawia robo robo, na majina yao yameandikwa chini ya jina lake ili naye ajue wa kumrudishia au wa kumchangia siku yao itakapofika. Nilitoa mchango wa nauli ya mtu mmoja. Mama aliuhesabu, akauandika, akauliza aandike jina langu au jina la klabu yangu. Nilimwambia aandike Yanga, akaandika, na dada wa kunde akapaza sauti kutoka upande wa pili kwamba basi wauandike na mwaka wa 1969.